Ndege imejaa, kampuni imekufa

*Shikamoo mzee. Mjomba wangu alikuwa mtunza stoo kwenye kampuni ndogo ya ndege za mizigo za kukodi pale Terminal One, uwanja wa ndege wa Dar. Anasema walianza na ndege moja, mwaka wa tatu wakawa nazo mbili, na mzigo haukuwahi kukosekana. Watu walikuwa wanabembeleza nafasi. Mwaka wa tano wakaja kazini asubuhi wakakuta ofisi ina kufuli. Mpaka leo hajui kilichotokea. Nauliza kwa sababu mimi na wenzangu watatu tunataka kuchanga milioni hamsini kila mtu, tukodi ndege ndogo aina ya Cessna Caravan, tubebe mizigo ya Mafia, Kilwa na Mtwara. Inakuwaje kampuni ife na mzigo upo? – Msomaji, Tabata*

Marahaba, mwanangu. Nimekaa na mizigo ya ndege miaka ishirini na ushee. Kazi yangu ilikuwa kupima mzigo, kuupanga ndani ya ndege na kusaini karatasi ya uzani kabla rubani hajawasha injini. Kampuni ya mjomba wako siijui, lakini niliwahi kufanya kazi kwenye kampuni iliyokuwa kama pacha wake, kwa hiyo nitakusimulia huyo pacha.

Kwanza nikutoe kwenye hilo neno "mzigo upo". Kila aliyewahi kunishawishi kuhusu biashara hii alianza na neno hilo. Mzigo upo, kweli, lakini uko upande mmoja. Kutoka Dar kwenda Mtwara kuna dawa, vipuri, magazeti ya asubuhi, vifaranga, simu, nyaraka za benki. Kutoka Mtwara kurudi Dar kuna nini kinachoweza kulipia nauli ya ndege? Korosho zinapanda meli na lori. Muhogo haupandi ndege. Labda pweza na kamba, tena kwa msimu, tena wakiwa kwenye maboksi ya plastiki ya povu yenye barafu inayovuja maji ya chumvi kwenye sakafu ya ndege, na fundi ukimwonyesha maji hayo anakuangalia kama umemwagia tindikali gari lake. Ndege ya mizigo unailipia kwenda na kurudi, mteja anakulipa kwenda tu.

Tupige hesabu ya kukisia, uone inavyokaa. Caravan inabeba tani moja na ushee ukishaweka mafuta ya safari. Dar hadi Mtwara kwa anga ni kama kilomita 400, saa moja na nusu hivi. Injini yake inakunywa takribani lita 200 kwa saa, kwa hiyo kwenda na kurudi ni lita 600. Tuseme kilo unaitoza shilingi 3,000 na umejaza kilo 1,100: mkononi una milioni tatu na laki tatu. Tuseme lita ya mafuta ni shilingi 3,000: milioni moja na laki nane imekwenda. Hapo wengi wanachekelea, wanaona faida ya milioni moja na nusu kwa safari ya asubuhi, saa sita wako Kariakoo wanakula biriani.

Ila hiyo milioni na nusu si yako. Ni ya injini.

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu naamini ndipo alipozikwa mwajiri wa mjomba wako. Injini ya Caravan ya kawaida, ile PT6A-114A, mtengenezaji ameipa saa 3,600 kati ya ukarabati mkubwa mmoja na mwingine, na katikati, kwenye saa 1,800 hivi, sehemu yake ya moto inafunguliwa na kukaguliwa. Ukarabati mkubwa unagharimu dola laki kadhaa. Hailipwi kwa mwezi kama umeme. Inakuja mara moja, yote, kwa dola. Mwenye akili anaweka akiba kila saa anayoruka. Tuseme anaweka dola 100 kwa saa. Saa 3,600 zikifika ana dola 360,000. Kwenye ile safari yetu ya Mtwara ya saa tatu, hizo ni dola 300, karibu laki nane za shilingi. Toa kwenye milioni na nusu. Kilichobaki ndicho cha rubani, bima, ada za kutua na kuegesha, fundi, kodi ya ndege, kodi ya serikali, na chai ya walinzi.

Sasa piga hesabu nyingine. Kampuni ndogo inayofanya kazi vizuri inaweza kuruka saa 60 kwa mwezi. Gawa 3,600 kwa 60. Unapata miezi 60, yaani miaka mitano. Miaka minne na zaidi kampuni inaonekana tajiri, mkurugenzi anabadilisha gari, wafanyakazi wanapata bonasi ya Idi na ya Krismasi, na kumbe wote wanakula injini. Mwaka wa tano injini inadai. Mjomba wako aliposema mwaka wa tano, nilitabasamu kwa uchungu.

Na Caravan ina injini moja, kwa hiyo kuruka na injini iliyobaki hakupo.

Nirudi kwa huyo pacha. Alizaliwa 1998, wakati uwanja wetu bado unaitwa DIA. Mvua za El Niño za mwishoni mwa 1997 na mwanzoni mwa 1998 zilikuwa zimekata barabara na reli sehemu nyingi za nchi. Kusini ndiyo usiseme: Rufiji ilivukwa kwa kivuko pale Ndundu, na masika yakichachamaa magari yanalala siku kadhaa upande mmoja yakitazama upande wa pili. Mashirika ya misaada na maduka ya dawa yalikuwa tayari kulipa chochote ili boksi lifike Lindi leo. Mwenye kampuni, mfanyabiashara mzuri tu wa vipuri ambaye hakuwahi kusomea ndege, aliliona hilo kabla ya wenzake. Alikodi ndege moja ndogo pamoja na rubani wake, na ndani ya miezi sita alikuwa na foleni.

Kuna siku moja kutoka mwaka wa pili naikumbuka vizuri. Tulikuwa na vifaranga wa siku moja wa kwenda Mtwara, maboksi arobaini, mia moja kwa boksi. Vifaranga hupakiwa mwisho na kuwekwa karibu na mlango, ili wapate hewa na washuke wa kwanza. Nimeshapima, nimeshasaini, rubani anazunguka ndege kwa ukaguzi wake wa mwisho, anapiga magoti kwenye gurudumu la mbele, anakaa pale muda mrefu kuliko kawaida. Tairi lina mpasuko. La akiba hatuna, lipo Nairobi. Tukashusha maboksi tukayaweka kivulini chini ya bawa. Kufika saa tano kivuli kimehama. Tukayahamishia ukumbini, mama mmoja wa usafi akaanza kuyapepea kwa kipande cha katoni. Sauti ya vifaranga elfu nne kwenye ukumbi wa bati sijaisahau. Ilianza kama mvua, ikawa inapungua.

Tairi lilifika jioni na ndege ya abiria. Vifaranga waliobaki hai mwenyewe hakuwataka, na alikuwa na haki. Kampuni ikamlipa wote, ikamrudishia nauli, na siku ile ile ikakosa safari mbili nyingine. Tairi moja.

Bosi akatoa hukumu ambayo mtu yeyote angeitoa: ndege moja haitoshi. Ukiwa na mbili, moja ikilala nyingine inaamka. Wala hakukosea, kukosea kulikuwa kwenye aina ya ndege na aina ya mkataba. Badala ya kutafuta nyingine ndogo kama ile, akachukua kubwa ya injini mbili, ya tani tano, aliyokodi na marubani wake, fundi wake na bima yake. Mikataba ya namna hiyo huwa na saa za uhakika: unalipia idadi fulani ya saa kwa mwezi, umeruka hujaruka. Sisi tulifungwa saa sitini. Kuanzia hapo kila tarehe moja tulianza mwezi tukiwa na deni la saa sitini, na kazi yetu yote ikawa kulikimbiza.

Tani tano ni mlango wa wateja wakubwa, na wateja wakubwa wana tabia yao. Muuza vifaranga analipa kabla ndege haijaruka, noti mkononi. Shirika kubwa linalipa kwa ankara, baada ya siku sitini, wakati mwingine tisini, na ukikumbusha unaambiwa mhasibu yuko likizo. Mafuta ya ndege hayauzwi mali kauli kwa kampuni changa, unalipa ndipo bomba linafunguliwa. Kwa hiyo kadiri kazi ilivyoongezeka ndivyo fedha zilivyopungua. Vitabu vilionyesha faida, ila kwenye akaunti hamna kitu. Mhasibu wetu alikuwa akiulizwa "tuko vizuri?" anajibu "tunadai vizuri."

Halafu dola. Mwaka 1998 ilikuwa kama shilingi 660. Kufika 2006 imepita 1,200. Nauli tulitoza kwa shilingi, kodi ya ndege, bima na vipuri tukalipa kwa dola. Kila mwaka tulikuwa tukipandisha nauli na wateja wakitutukana.

Agosti 2003 ikafunguliwa Daraja la Mkapa pale Rufiji, karibu kilomita nzima ya zege. Sisi Terminal One tulishangilia kama Watanzania wengine, tena bosi alitununulia soda. Baada ya miezi michache meneja wa duka moja la dawa alikuja ofisini na uso wa aibu, akasema kuanzia sasa mzigo wake wa Lindi utakwenda kwa Fuso. Barabara yenyewe bado ilikuwa mbovu vipande vipande, lami kamili ilichukua miaka mingine mingi, lakini Fuso lilikuwa linafika. Kwa boksi la dawa lisilo na haraka, kufika kesho kutwa kwa bei ya sehemu ndogo ya ndege kunatosha. Wakabaki wenye haraka ya kweli, nao hawafiki tani tano kwa siku.

Ndege kubwa ikaanza kuruka nusu tupu. Hapo ndipo fedha za akiba ya injini ya ile ndogo, ambazo kwa kweli zilikuwepo kwa muda, zikaanza kulipia saa za uhakika za ile kubwa. Niliona nyaraka, sikusema kitu. Mimi ni mtu wa mizani, nilidhani wenye shahada wanajua wanachofanya. Ndege ndogo ilipofika muda wake wa injini ikasimama, na ile kubwa mwenyewe akaja kuichukua kwa sababu tulikuwa na miezi mitatu hatujamlipa. Bima ikaisha haikulipiwa. Bila bima cheti cha uendeshaji hakina maana, kwa hiyo TCAA, mamlaka ya usafiri wa anga, haikuhitaji hata kutufungia. Ada za kuegesha zikaendelea kujikusanya juu ya ndege isiyo na injini, majani yakaota mpaka kwenye magurudumu.

Usidhani ni ugonjwa wa wadogo wa Dar peke yao. DAS Air, iliyoanzishwa Uganda miaka ya 1980 na kufikia kurusha DC-10 kati ya Ulaya na Afrika, ilizuiwa na Umoja wa Ulaya 2006 na 2007 ikaanguka. MK Airlines, iliyokuwa na mizizi Ghana, ilipanda kutoka ndege chakavu za DC-8 hadi Boeing 747. Oktoba 2004 moja ya hizo 747 ilianguka Halifax, Kanada, ikiondoka, wakafa wote saba. Wachunguzi walikuta kwamba hesabu ya kuondokea ilifanywa kwa uzito wa safari iliyotangulia, tani 240, wakati ndege ilikuwa na tani 353, na wafanyakazi walikuwa wamechoka kwa zamu ndefu. Nilipoisoma ripoti ile niliweka kalamu chini. Kampuni inayokimbiza saa huchosha watu, na mtu aliyechoka ndiye anayesaini karatasi kama niliyokuwa nasaini mimi. MK nayo ilifunga 2010.

Na Mwanza je, utaniuliza, mbona madege makubwa ya Kirusi, Ilyushin 76, yalikuwa yanakuja kuchukua minofu ya sangara? Yalikuja, na ilikuwa biashara kubwa kweli. Lakini ilisimama juu ya bidhaa moja na mnunuzi mmoja. Kati ya 1997 na 1999 Umoja wa Ulaya ulizuia samaki wa Ziwa Victoria zaidi ya mara moja, mara kwa hofu ya kipindupindu, mara kwa hofu ya sumu ya kuvulia. Barua moja kutoka Brussels, ndege zinakosa kazi. Na ndege zenyewe zilikuwa kuukuu: Februari 2000 Boeing 707 iliyokuwa inakuja kupakia samaki ilitumbukia ziwani karibu na Mwanza, watu wote watano wakaokoka, Machi 2005 Ilyushin ikaanguka ziwani muda mfupi baada ya kuruka, wanane wakafa.

Siku hizi mpinzani wako mkubwa hata si lori, ni tumbo la ndege ya abiria. Boeing 777 iliyoleta watalii na wafanyabiashara Dar inaweza kubeba tani kama ishirini za mizigo chini ya miguu yao, na nauli ya abiria imeshalipia mafuta. Utashindana vipi na mtu ambaye nafasi yake ni ya ziada? Walioshinda kwa ndege za mizigo mwaka 2020 walishinda kwa sababu matumbo hayo yalikuwa yamelala. Kwetu anga ilifungwa kwa abiria Aprili 2020 ikafunguliwa Mei 18, ndege za mizigo zikiendelea. Baadhi ya waliokopa wakidhani bei zile ni za kudumu bado wanalipa.

Hata mkubwa anapata shida. ATCL, shirika letu la ndege la taifa, ilipokea Boeing 767 ya mizigo Juni 2023, yenye uwezo wa tani 54. Januari mwaka uliofuata Kenya ikaikatalia haki ya kuchukua mzigo Nairobi kuupeleka nchi ya tatu, serikali yetu ikatangaza kuzizuia ndege za abiria za Kenya Airways, ikabidi wakubwa wakae wayamalize. Serikali inaweza kujibu mapigo hivyo. Wewe na wenzako watatu hamna cha kuzuia. Na tangu Juni 2025 kampuni zote za ndege zenye cheti cha Tanzania ziko kwenye orodha ya Umoja wa Ulaya ya waliozuiwa kuruka huko. Hutaruka Ulaya na Caravan, najua. Lakini ukienda kuomba kazi kwenye shirika la misaada la Ulaya hapa Oysterbay, tegemea kuulizwa.

Sasa fedha zenu. Milioni mia mbili ni kama dola 80,000. Haifiki robo ya zile 360,000 za injini moja. Na kabla hamjabeba hata boksi moja mtahitaji leseni ya biashara ya usafiri wa anga, kisha cheti cha uendeshaji, ambacho kina hatua tano, na katika hatua hizo TCAA itataka kuona ndege, miongozo yenu, na watu wenye sifa wa urushaji, ufundi na usalama, wakiwa wameajiriwa, wakila mshahara, na ndege ikila kodi, kwa miezi ambayo hamuingizi senti. Nawaona mmeishiwa kabla ya hatua ya nne.

Ningekuwa ninyi nisingegusa ndege. Ningefungua uwakala wa mizigo, ninunue nafasi kwa wenye ndege na kuiuza kwa wenye haraka. Hapo kuna hela ndogo lakini ni yako, na ndege ikipasuka tairi, tairi si lako. Jifunze kupima kwa ujazo, kwa sababu wakala wengi wachanga wanapigwa hapo. Ndege hutoza kilo au ujazo, chochote kikubwa: zidisha urefu, upana na kimo kwa sentimita, gawa kwa 6,000. Katoni ya nywele bandia ya 60 kwa 50 kwa 40 inalipa kilo 20 hata kama mizani inasema tisa. Ukimtoza mteja kilo tisa, hizo kumi na moja unazilipa wewe. Niliwahi kumwona kijana wa Kariakoo akilipa hivyo mwezi mzima akidhani anaibiwa uwanjani.

Lakini nawajua vijana. Mkishaona ndege inang'aa hamsikii. Basi kama mwenye Caravan anawaita mkaione, msianze na rangi wala viti. Ombeni kitabu cha injini. Angalieni saa zilizoruka tangu ukarabati mkubwa wa mwisho, mtoe kwenye 3,600. Kisha muulizeni fedha za zile saa ambazo zimeshatumika ziko benki gani. Akisema injini bado mpya sana, ina saa 3,100 tu, mshukuruni kwa soda mwondoke.

Na kwa mjomba wako, mpe salamu zangu. Mtunza stoo ndiye huwa anapokea vipuri na kuandika saa za injini kwenye kadi. Muulize kadi ya mwisho aliyoandika ilisomeka ngapi. Kama ilikuwa imepita 3,400, anajua kilichotokea, ila hakuna aliyemuuliza.